Kamati ya Ithibati ya Upacha

Umma wa Kasulu na Kibondo unatangaziwa kwamba chanzo cha mapacha kimegunduliwa. Ugunduzi ulifanyika mwaka 2014 chini ya Ofisi ya Uratibu wa Maumbile, na mimi Josephina Butoyi, bibi wa wajukuu wengi na mkulima wa maharage, nilikuwa Makamu Mwenyekiti. Kitambulisho changu ninacho bado. Kamba yake ni ya bluu.

Mambo yalianza na mjukuu wangu Herieth, aliyekuwa akisomea shahada ya uzamili ya vinasaba, yaani namna mtoto anavyochukua pua ya baba na hasira za bibi. Utafiti wake ulihusu mapacha: kwa nini mama mmoja hupevusha mayai mawili kwa pamoja, na kama jambo hilo hurithiwa. Alitaka kupita vijiji vya Rungwe Mpya na Kitanga na vijiti vyake vya pamba, awafute mapacha na mama zao mate ndani ya shavu, kisha ayapeleke maabara. Chuo kilimwambia kwamba akirudi mwisho wa mwezi bila mate, nafasi yake atapewa mwingine. Kilichobaki kilikuwa kibali cha Bwana Khatibu.

Bwana Khatibu alikuwa Mratibu, mwenyeji wa Tanga, mtu nadhifu ambaye soksi zake hazikuwahi kufahamiana na vumbi letu. Alisoma maombi ya Herieth mpaka kwenye orodha ya kaya, akavua miwani.

"Binti, umeliona hili? Kila penye mapacha, mmoja anaitwa Bukuru na mwingine Butoyi. Kaya zote."

"Ni kawaida, mkuu. Huku kwetu..."

"Asilimia mia moja. Maprofesa wako wamewahi kupata asilimia mia moja?"

"Hapana, ila..."

"Basi. Jina ndilo linalosababisha."

Herieth akanigeukia mimi niliyemsindikiza. Sisi Waha mapacha wakizaliwa, wa kwanza huitwa Bukuru na wa pili Butoyi, ndivyo tulivyowakuta wazee wetu wakifanya. Kwa hiyo nilimweleza Mratibu kwamba watoto hutangulia, jina likafuata. Alinisikiliza kwa adabu, akasema hoja yangu itaingizwa kwenye muhtasari. Nikaridhika hapo hapo. Katika umri wangu wote sikuwa nimewahi kuingizwa kwenye muhtasari. Kisha akaunda Kamati, yeye Mwenyekiti, akaniteua Makamu, kwa kuwa nilikuwa nimebeba chanzo chenyewe kwenye jina langu.

Kibali kiliahirishwa mpaka Kamati imalize kuwatambua mapacha halali. Waraka ukabandikwa kila mahali, hata kwenye mlango wa wodi ya wazazi. Ulisema kwamba pacha ni mtu aitwaye Bukuru au Butoyi, anayefika mbele ya Kamati akiwa na mwenzake mwenye jina la pili. Wengine wote, bila kujali walivyozaliwa, ni ndugu wa kawaida. Kifungu cha mwisho kiliruhusu rufaa kwa ushahidi wa kimaabara. Mratibu alikiongeza ili waraka uonekane wa kisomi. Pacha halali alipewa blanketi.

Tulifanya kazi kwa bidii. Mwalimu mmoja kutoka Shinyanga alileta wanawe wachanga, Kulwa na Doto. Walifanana mpaka mama yao alimfunga mmoja uzi mwekundu mkononi asije akamnyonyesha mara mbili na mwenzake akalala njaa. Niliwaonea huruma, nikawanyima. Huruma haikuwa kigezo.

Mzee Bukuru Venanti wa Kitanga yeye alikuja peke yake, kwa kuwa pacha wake alihamia mbali zamani. Kwenye foleni alikaa karibu na Recho Butoyi, mwanafunzi wa Rungwe Mpya, ambaye Bukuru wake alikuwa Dar es Salaam akitafuta maisha. Nilimwona mzee akimmenyea binti kiazi kitamu, akimchagulia upande ambao haukuungua. Walipoitwa, waliingia pamoja.

"Mmezaliwa siku moja?" nikauliza.

"Mimi nilitangulia kidogo," akasema mzee.

"Kidogo tu, Bibi," akasema Recho. "Babu, sogea huko, unanichekesha."

Mratibu akatamka kwamba uzazi wa vijijini wakati mwingine huchukua muda. Mimi nilikuwa bado nakifikiria kile kiazi. Nikagonga muhuri, wakaondoka na mablanketi yao.

Likaja shauri langu mwenyewe. Bukuru wangu alifariki tukiwa bado tunanyonya, kwa hiyo sikuwa na wa kumleta. Nikajiita mbele ya Kamati, nikajihoji, nikajikatalia. Felisiani, tarishi wa ofisi, aliniletea chai ya maziwa bila kuagizwa, akakaa nami mpaka nikaimaliza.

Nyumbani, Herieth alikuwa akivihesabu tena vijiti vyake.

"Bibi, mwezi unaisha. Ukimwambia wewe atasikia."

"Nitaliwasilisha kwenye kikao."

"Siku hizi unaongea kama wao."

"Asante, mjukuu wangu."

Nilikuja kuelewa kwamba haikuwa sifa wakati naosha sufuria.

Wiki ya mwisho ya mwezi, Bi Nasma, mke wa Mratibu, alijifungua. Huyu ndiye aliyenishonea mto wa kukalia aliposikia benchi la Kamati ni gumu, na hata mimba ilipomlemea hakuacha kuulizia mgongo wangu. Alijifungua wavulana wawili. Muuguzi, mtu makini, alisoma waraka mlangoni, kisha akaandika tangazo moja la kizazi, la mtoto wa kwanza. Chini yake akaongeza: "Ndugu wa kawaida, alikuwepo."

Mratibu alifika kwenye kikao akiwa amevaa soksi mbili tofauti. Nyuma yake alikuja Bi Nasma na watoto, taratibu, Herieth akimshika mkono. Kwa kuwa Mratibu alikuwa mhusika wa shauri, hakuweza kuliongoza. Nikahamia kiti chake. Kinazunguka.

"Karibu, Mheshimiwa. Jina la mtoto wa kwanza?"

"Bibi Josephina, unalijua. Hasani."

"Na wa pili?"

"Huseini. Kwetu pwani mapacha wa kiume huitwa hivyo."

"Hongereni sana. Hao ni ndugu wa kawaida."

"Wametoka tumbo moja, asubuhi moja!"

"Asubuhi si kigezo, Mheshimiwa. Uliliamua kikao cha kwanza. Ninakumbuka kwa sababu nilipiga makofi."

Bi Nasma aliinamisha uso kwenye kanga, mabega yakimtikisika kwa kicheko. "Bibi, kule wodini akina mama wameshawaita Bukuru na Butoyi. Mimi sina neno. Tuandikie hivyo tukalale."

Mratibu akachangamka. "Ndiyo. Waandike hivyo."

Nililifikiria kwa uaminifu wote wa cheo changu. "Tunaweza. Ila itabidi ripoti yako ieleze jinsi chanzo kilivyofika siku tatu baada ya matokeo."

Akakaa kwenye benchi. Nilimpa mto wangu, maana alionekana amechoka, na mtu aliyechoka ni mtu.

"Hakuna njia nyingine?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Ipo. Kifungu cha mwisho, ushahidi wa kimaabara. Ni kifungu kizuri sana, Mheshimiwa. Tatizo ni kwamba mtaalamu wa vinasaba tuliye naye hapa hana kibali."

Alimtazama Herieth. Akatazama watoto. Felisiani alikuwa ameshafungua kidau cha wino. Kibali kilitiwa saini juu ya goti, kwa Rungwe Mpya, Kitanga na popote mate yapatikanapo.

Herieth hakupoteza muda. Alianza na mimi, kwa kuwa ndiye niliyekuwa karibu.

"Mimi nilikataliwa," nikamkumbusha. "Sina mwenzangu."

"Fungua mdomo, Bibi. Kama mlitoka yai moja, basi naye yumo humu humu."

Kifungu hicho hakikuwemo kwenye waraka. Nilifungua.

Akamfuta Hasani, akamfuta ndugu wa kawaida, akamfuta Bi Nasma. Kisha akatoa kijiti kingine.

"Na baba, kwa kulinganisha."

Bwana Khatibu alilegeza tai, akafumba macho, akafungua mdomo. Kamati nzima tulisubiri kwa kalamu mkononi, kwa mazoea. Halikutoka agizo lolote.