Chipu ya Mbao ya Bwana Mratibu

Wananchi wote wa Kitale na Bungoma mnajulishwa kwa taadhima kwamba, mwaka wa 2009, Idara yetu ya Uratibu wa Mwangaza ilitatua tatizo sugu la teknolojia ya kisasa: udogo wake. Mimi Eliakim, afisa wa itifaki, nilishuhudia.

Injinia Jepkorir alituletea chipu mbili za mwanga. Moja ya ofisi yetu ya Kitale, nyingine ya zahanati ya Sirisia, ili daktari aliye mbali aone wagonjwa kwa skrini. Mkuu wetu, Bwana Mratibu Mukhwana, alifungua kiboksi, akavaa miwani.

"Iko wapi?"

"Ndiyo hiyo, sir. Ndani yake mwanga unapita kwa vijia vyembamba kuliko unywele, unabeba picha na sauti."

"Hii? Si hata punje ya mahindi imeishinda! Nimealika askofu, bana. Ati akuje kubariki kucha?"

Hoja ilikuwa nzito. Kamati Ndogo ya Ukubwa ilikunywa chai, ikaazimia kwamba kifaa cha serikali kisipungue kimo cha mgeni rasmi. Seremala wa mtaa wa Matisi akatuchongea chipu ya mbao, kubwa kama mlango, akaipaka rangi ya dhahabu.

"Sir, hiyo haiwezi kufanya kazi," alisema Jepkorir. "Wacha nifunge ile ndogo kando."

"Ndio watu waulize ya ukweli ni gani? Peleka takataka zako Sirisia. Zote!"

Akapeleka. Yetu ilibarikiwa, ikapigiliwa misumari ukutani. Makofi yalikuwa ya kuridhisha.

Muda si muda, mkubwa wa Nairobi akatangaza kwamba angekagua vituo vyote kwa video. Asubuhi hiyo Mratibu alikaa mbele ya skrini na tai mpya. Giza. Akaniamuru nipanguse chipu vumbi. Nikapangusa. Giza.

Tukakimbilia Sirisia, zilikokuwa chipu za kweli.

Zahanatini, sista Phelista alikuwa akimwonyesha daktari wa kwenye skrini kifua cha mtoto wa mama mmoja, Nekesa. Mtoto alikuwa anahema kwa shida.

"Sista, nipishe. Mambo ya serikali."

"Na huyu mtoto ni wa nani?" alijibu bila kugeuka. "Ngoja kwa benchi."

Daktari akasema ni nimonia, dawa ianze mara moja. Nekesa alipoitwa dirishani kuchukua dawa, alimtazama mtu aliyekuwa karibu.

"Baba, nishikie mtoto."

Mratibu akashika. Papo hapo uso wa mkubwa ukatokea kwenye skrini. Alikuwa amekosa Kitale, akapiga Sirisia.

"Sista, mtambo unafanya kazi?"

"Sana, sir. Umetusaidia sasa hivi tu."

"Nani aliufunga?"

"Injinia Jepkorir."

"Basi kuanzia leo huyo ndiye Mratibu."

"Sir, Mratibu ni mimi!" alilia Mukhwana, mtoto kifuani.

Mkubwa akasogea karibu na kamera, akamkagua.

"Sista, huyo mzee anajua kubeba mtoto. Msimsumbue, aendelee."

Idara imeyapokea matamshi hayo kama pongezi.