Masikio ya Daktari Mkuu

Jumatatu, 3 Machi

Kura imeniangukia. Ijumaa nitawahutubia madaktari wa familia wa wilaya nzima: namna ya kumtambua mgonjwa anayepoteza usikivu, na namna ya kuzungumza naye. Nilisema kura hiyo ina mkono wa mtu. Daktari Mdogo, niliyemfundisha mwenyewe kushika stetoskopu, akasema kwa upole kwamba huenda mada imempata mwenyewe. Nikacheka. Baadaye nikaacha kucheka.

Kwani masikio yangu yana nini? Hayana kitu. Tatizo ni kizazi hiki. Kinanong'ona kwa sababu hakina hoja. Mwenye hoja hupaza sauti. Wagonjwa nao wanaongea na magoti yao. Nimegeuza kiti cha mgonjwa kielekee dirishani ili niione midomo yake vizuri. Adabu ya mazungumzo tu, hakuna zaidi.

Mwisho wa mwezi bodi ya zahanati inaamua nani awe Daktari Mkuu. Ni mimi nibaki au Daktari Mdogo achukue. Hilo halihusiani na masikio. Nimeliandika tu.

Jumanne, 4 Machi

Vita. Nilimsikiliza kifua fundi seremala, nikamwambia kimetulia kama maji ya mtungini. Daktari Mdogo akamsikiliza baada yangu. Akasema kuna mlio pafu la kushoto, tena si wa kutafuta. Nilimjibu kwamba mlio huo umeanza seremala alipoingia chumbani kwake. Seremala alinitazama vibaya. Picha ikapigwa. Ugonjwa upo.

Stetoskopu yangu imezeeka. Nimeagiza nyingine.

Jioni Mama Watoto alisema jambo akiwa ameinamia sufuria. Nikajibu "kabisa". Neno zuri, halijawahi kuniangusha. Leo limeniangusha: kumbe nimekubali shemeji aje kukaa kwetu mwezi mzima.

Jumatano, 5 Machi

Hotuba imekamilika. Dalili nimezipanga vizuri mno. Mgonjwa hutega sikio moja. Huitikia ndiyo kwa kila swali. Hulalamika kwamba watu wote wanaongea chini chini. Huongea yeye tu, ili asilazimike kusikiliza. Na mara nyingi anayelalamika kwa daktari si yeye, ni mkewe.

Nilimsomea Mama Watoto. Akauliza picha yangu nitaiweka ukurasa gani. Sikumwelewa.

Kuna hatari moja: jaribio la mnong'ono. Daktari husimama nyuma ya mgonjwa, umbali wa mkono, akanong'ona tarakimu tatu, mgonjwa akazirudia. Hotuba ya usikivu bila jaribio hilo ni harusi bila bibi harusi. Nimewaza. Nimepata! Kiti cha mgonjwa nitakikalia mimi. Mwenyekiti wa bodi atakuwepo, aone mwenyewe, na midomo ya watu ifungwe. Nimepatana na muuguzi wa zamu: atanong'ona nne, saba, mbili. Aliuliza kwa nini hizo. Nikasema ni sayansi.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeumbuka.

Mwanzo ulikuwa moto. Niliongea bila kupumua, ili pasibaki nafasi ya maswali. Niliwakaripia wenzangu: acheni kumwambia mgonjwa "ni uzee tu", kwani huo ni uvivu uliovaa koti jeupe. Chungulieni kwanza kama sikio limezibwa na nta. Msimpigie kelele. Mkabilini, mwanga uwe usoni mwenu, sentensi ziwe fupi, kisha mwombeni aeleze alichoelewa. Makofi. Niliyaona kabisa.

Kisha nikaketi, uso kwa ukumbi, mgongo kwa muuguzi, kidole kimeziba sikio moja. Nikampa nafasi ya kunong'ona. Nikatamka kwa sauti ya mshindi: "Nne! Saba! Mbili!"

Wote wakatazama nyuma yangu. Nikageuka. Muuguzi alikuwa mlangoni. Ameitwa na dereva wa gari la wagonjwa. Nyuma yangu alisimama Daktari Mdogo, aliyekuja kumshikia nafasi. Alikuwa bado hajafungua mdomo.

Mwenyekiti wa bodi alicheka hadi akavua miwani afute machozi.

Jumamosi, 8 Machi

Daktari Mdogo aliniita chumbani kwake, akafunga mlango. Nilijiandaa kuchinjwa. Akavuta kiti, akakaa mbele yangu, mwanga usoni mwake. Hakupaza sauti. Hakuuliza kama nasikia. Hilo ningelikana papo hapo. Aliuliza: "Mwalimu, ni mazungumzo ya nani unayoyakosa siku hizi?"

Nilifungua mdomo nimpasulie. Nikajikuta nasema Mama Watoto. Zamani taa ikizimwa alikuwa ananipa habari za mtaa wote. Siku hizi taa ikizimwa, kimya. Nilidhani amenuna. Nami nikanuna, nisishindwe.

Akasema, taratibu, kwamba gizani siioni midomo yake. Huenda mama amechoka kurudia.

Kisha akanieleza mengine. Cheo hakitaki, kina vikao vingi. Anachotaka ni kifua cha seremala kisikilizwe. Atamwambia mwenyekiti nibaki, ila sitagusa kifua cha mtu mpaka nipimwe. Nikasema nitafikiria. Akasema kesho kutwa asubuhi nina miadi, na Mama Watoto atanisindikiza. Wameshazungumza!

Alhamisi, 27 Machi

Nina vifaa, kimoja kila sikio. Dunia imejaa kelele za kipuuzi: friji, viatu vyangu, shemeji. Kifua cha seremala nimekisikia mwenyewe, kinapona. Jana nililala na vifaa masikioni, kinyume cha maagizo, na Mama Watoto akaanza na jirani wa juu, hakuacha hadi amemaliza ghorofa zote. Asubuhi nilikuwa hoi. Leo nitavaa tena.

Bodi imenibakiza. Ila mwenyekiti ameongeza sharti: kila daktari aliyevuka miaka hamsini apimwe macho pia, Jumatatu. Macho! Macho yangu hayana kitu. Tatizo ni wachapishaji wa siku hizi, wanabana herufi kwa uchoyo. Hata hivyo nimepita chumba cha vipimo wakati wa chakula, nikaisogelea ile chati ya herufi hadi pua ikaigusa. Nimeikariri yote mpaka mstari wa chini.

Makosa yana mafunzo yake. Safari hii simshirikishi muuguzi.