Kishamba cha Kulungu na Ufunguo wa Mzee Odell

Jumapili, 8 Septemba

Siku kubwa! Baada ya kanisa tumekula kwa baba mkwe, Mzee Odell. Kuku wa kukaanga, viazi, chai baridi yenye sukari ya kutosha kuua mtu. Mzee akafuta mdomo, akatangaza kwamba ana miaka themanini na moja, magoti yamegoma, na ufunguo wa geti la msitu wake wa kuwindia ameuchoka.

Ufunguo! Mwenye ufunguo ndiye mwenye kauli: nani aingie, nani akae dungu gani la kuvizia, nani awinde kulungu upande upi. Miaka ishirini na mbili naomba ruhusa kama mtoto wa shule anayetaka kwenda chooni.

Wagombea ni wawili. Mimi, na Royce, mume wa Glenda, dada wa mke wangu Nadine. Mwanyumba wangu huyo, sikumchagua. Masharti ni haya: kila mmoja alime kishamba cha kulungu, cha majani ya kuwavuta waje kula. Mimi nimepewa bondeni, Royce kilimani, na geti halitatiwa kufuli mpaka ukaguzi. Alhamisi ya tarehe 21 Novemba, siku mbili kabla ya msimu wa kuwinda kwa bunduki, Mzee atakagua. Kishamba kiwe kijani, na kulungu wawemo ndani. Vyote viwili, akasema, akigonga meza kwa uma.

Royce akanipa mkono. Akaniambia nisiwe na wasiwasi, mwanyumba, yeye akishinda hatanitupa, atanipa dungu la kando ya barabara kuu, nikichoka kungoja kulungu nihesabu malori. Meza nzima ikaangua kicheko. Hata Nadine! Mke wangu wa ndoa! Haya, tutaona.

Jumamosi, 14 Septemba

Nimeshuka bondeni na trekta. Loo, magugu! Mchicha pori umenifika kifuani, mashina kama mpini wa jembe. Chini yake ndago zimetandika mkeka. Nadine aliniambia tangu mwezi wa sita nifyeke kabla hayajatoa mbegu. Nilimjibu kila jambo na wakati wake. Wakati wake umefika leo, basi.

Nimefyeka, nimepiga haro mara tatu kuvunja udongo. Vumbi mpaka kwenye meno. Jirani mmoja alisimamisha gari akanishauri nipulizie dawa kwanza, maana haro ndiyo inayozipanda ndago upya. Wivu tu.

Royce amepeleka udongo wake kupimwa. Ati anasubiri majibu kwa posta! Mimi wangu nimeuonja kwa ulimi. Mzuri kabisa, una chumvichumvi.

Jumanne, 24 Septemba

Televisheni imesema mvua jioni. Nimemwaga mbegu mchana, ngano na klova, yale majani ya malisho, pamoja. Ngano iote haraka, klova ije nyuma yake. Akili hiyo. Saa kumi wingu likaja, jeusi ti! Nikavua kofia, nikasimama katikati ya bonde nimetanua mikono.

Mvua ikanyesha kilimani. Dakika arobaini! Niliiona kwa macho yangu, pazia la mvua limesimama juu ya shamba la Royce halisogei. Bondeni matone saba. Niliyahesabu juu ya boneti.

Usiku Royce alipiga simu kuniuliza kama na mimi nimepata chochote. Nikamwambia tumelowa chapachapa.

Jumatano, 9 Oktoba

Nani alisema sina bahati! Kimanyunyu cha wiki iliyopita kimefanya kazi. Ngano imeota, klova imeota. Tatizo ni nyasi pori, nazo zimeota katikati kama zimealikwa.

Nimekwenda duka la pembejeo. Kijana wa pale ameniapia kwamba ana dawa inayoua nyasi tu, klova haiigusi. Nikanunua. Nikapulizia kishamba kizima, nikachanganya mara mbili ya kipimo ili nyasi zisije zikapata mawazo. Nadine alikuwa ameishika chupa anasoma maandishi ya nyuma. Akaniuliza, na ngano je? Nikamwambia mkulima wa kweli hasomi chupa.

Jumapili, 20 Oktoba

Nyasi zimekufa. Na ngano imekufa.

Kumbe ngano nayo ni nyasi! Mtu mzima wa miaka hamsini na nne, hakuna aliyewahi kuniambia! Nadine anadai aliniambia. Aliuliza. Kuuliza na kuambia ni vitu viwili.

Mzee Odell aliposikia alicheka mpaka akapaliwa na uji wa mahindi, Glenda akawa anampiga mgongoni. Alipopata pumzi akanishauri mwakani nijaribu dawa ya kuua kulungu, labda ngano itapona.

Mchicha pori, ambao si nyasi, unastawi. Klova ipo, lakini ndogo kama chawa, na kiu imeishika. Tangu kile kimanyunyu hakijadondoka kitu. Royce ana ngano ya kufika kwenye kifundo cha mguu. Amenitumia picha. Kulungu wanne ndani yake, wamenipa mgongo.

Jumapili, 27 Oktoba

Naandika kwa ajili ya kumbukumbu tu, maana watu wanasimulia vibaya.

Ukame umezidi. Kuchoma moto kumepigwa marufuku wilaya nzima. Mimi ni mzimamoto wa kujitolea, na zimamoto wana gari la maji. Klova yangu inakufa. Unganisha mwenyewe! Jana nikamwambia mkuu wetu nalichukua gari kwa mazoezi ya dharura. Akasifu moyo wangu.

Nilimwagia bonde lote. Ah, harufu ile ya udongo! Karibu nilie. Halafu nikawasha gari niondoke, na gari likazama mpaka ekseli. Wilaya nzima hakuna tope, isipokuwa hilo nililolitengeneza kwa mkono wangu.

Hapo ndipo redio ikaita. Moto nyuma ya kanisa, majani makavu, unaelekea kwenye ukumbi! Nikajibu tunakuja. Tunakuja na nini? Nilichimba kwa koleo, nikachimba kwa kofia ya zimamoto. Ukumbi ule ndimo nilimofanyia harusi yangu.

Royce ndiye aliyeuzima. Alikuwa anapita na trekta lake na tangi la kupulizia mbolea ya maji ya samaki. Leo kanisani wamempigia makofi, na mchungaji amemwombea. Mkuu amenivua kofia ya zimamoto mbele ya kwaya. Royce akanong'ona, pole mwanyumba, lakini ukumbi sasa unanuka samaki.

Sawa. Ila klova imekunywa.

Jumatatu, 18 Novemba

Klova imeshika! Lakini pale tu gari lilipozama. Eneo la meza ya jikoni. Kwingine kote vumbi, na mashina ya mchicha pori yaliyouawa na baridi ya juma lililopita. Zimebaki siku tatu.

Nilikaa barazani nikiwaza. Royce na ufunguo kiunoni. Royce akinionyesha kidole, kaa pale, kaa huku. Moyo uliniuma kweli. Mimi si mtu wa kutaka makubwa. Nataka siku moja tu nifungue geti lile bila kumwambia mtu naenda wapi.

Nikainua macho. Mbele yangu bustani ya Nadine. Sukuma wiki, mistari minne, majani mapana kama sinia, mabichi, yanameta. Anayatunza kwa sikukuu ya Shukrani, Alhamisi ya tarehe 28.

Nimepata wazo.

Jumatano, 20 Novemba

Jana Nadine alikwenda mazoezi ya kwaya. Nimeng'oa sukuma wiki sitini na mizizi yake, nimeipanda bondeni kwa mistari, nimeimwagilia kwa ndoo. Ukisimama getini, paradiso! Mzee macho yenyewe yana ukungu. Kijani ni kijani.

Asubuhi Nadine alisimama bustanini muda mrefu. Akaniuliza sukuma wiki iko wapi. Nikamwambia sungura. Akaniuliza sungura wa siku hizi wanatumia koleo? Nikakumbuka kwamba gari linahitaji kupimwa oili.

Alhamisi, 21 Novemba

Tulikwenda wote: Mzee, Royce na Glenda, mimi na Nadine. Kulipopambazuka tulikuwa kilimani. Ngano ya Royce ya magotini, kijani, imetanda kama zulia. Kulungu? Hata mmoja. Tulingoja nusu saa. Royce akapiga mluzi, akakohoa, akasema labda wamechelewa kuamka. Moyo wangu ukacheza ngoma!

Tukateremka bondeni. Mzee akafungua geti, akainua darubini.

Kulungu kumi na wawili! Kumi na wawili, nimewahesabu mara mbili! Wamesimama katikati ya kishamba changu, wanatafuna. Nikamgeukia Royce, nikamwuliza kama angependa kujua idadi ya malori ya kawaida kwa saa moja.

Kisha kulungu wakakimbia, tukaona wanachotafuna. Mashina. Sitini, yamesimama uchi kama vijiti. Wamekula kila jani usiku kucha. Wa msitu mzima walikuwa kwangu, ndiyo maana kwa Royce kulikuwa kweupe. Yeye kijani bila kulungu, mimi kulungu bila kijani.

Mzee akainama kwa shida, akang'oa shina moja, akalivunja, akanusa. Halafu akasema hii ni mbegu ya Verna. Verna ni marehemu mkewe. Nadine ndiye anayeihifadhi mbegu hiyo, mwaka hadi mwaka, kwenye chupa ya jemu.

Niliona haya. Haya ya kweli, masikio yaliwaka moto. Nilimtazama Nadine, akawa anatazama miti. Nikamwomba radhi mbele ya wote. Akasema chupa bado ina mbegu, lakini tarehe 28 nitawaeleza mwenyewe watu ishirini kwa nini wanakula njegere za kopo.

Mzee akatoa ufunguo. Akasema amewaangalia wakwe zake miezi miwili, mmoja amepanda kitu ambacho kulungu hawakitaki, mwingine hakupanda kitu. Aliyeotesha chakula cha kuwaita kulungu wa msitu mzima, na katika ukame huu, ni Nadine. Akamtia ufunguo mkononi. Nadine akaufunga kwenye leso, akaiweka mfukoni kama amefanya hivyo maisha yake yote.

Jioni alipanga madungu. Yeye na baba yake bondeni. Royce na mimi, barabara kuu, bega kwa bega.

Ijumaa, 22 Novemba

Nimeosha vyombo. Nimemkanda Nadine miguu. Nimemsifu nywele. Kufikia adhuhuri alinikabidhi ufunguo nipeleke kiti cha baba yake kwenye dungu, akasema nirudi moja kwa moja.

Nilirudi moja kwa moja kupitia mjini, nikachongesha wa pili. Mchongaji alinionya kwamba chuma cha bei rahisi nilichochagua ni laini, kufuli la zamani gumu kama lile linataka ufunguo wa shaba nzito. Niliona anataka kuniuzia. Sasa ninao! Umo ndani ya soksi.

Jumamosi, 23 Novemba

Msimu umefunguliwa. Alfajiri mimi na Royce tulikaa kando ya barabara tumevaa vizibao vya rangi ya chungwa. Malori tisa. Kulungu sifuri. Malori tisa yote yalitupigia honi.

Saa mbili asubuhi uzalendo ukanishinda, nikamwonyesha Royce ufunguo. Akanikumbatia! Akaniita kaka. Tukatembea mpaka getini, tumeelewana tuingie kimyakimya, tukae upande wa kijito, nani atajua. Nikautia kwenye kufuli. Mgumu. Royce akasema nipishe, wewe huna mkono wa kufuli. Nikamwambia ufunguo wangu, mkono wangu. Akashika. Nikashika.

Ka!

Nusu mkononi, nusu ndani ya kufuli. Hapo hapo tukasikia bunduki bondeni, mlio mmoja tu. Baada ya muda likaja gari kutoka ndani. Nadine kwenye usukani, Mzee pembeni anatabasamu kama bwana harusi, na nyuma dume la kulungu, mapembe yamezidi upana wa gari. Nadine akashuka na ufunguo wake. Haukuingia. Akachungulia kufuli. Akanichungulia mimi.

Mzee akaniuliza nimeshika nini. Nikamwambia nilikuwa napita tu nikaona kufuli lina kutu. Royce, msaliti, akasema yeye alinikataza.

Naandika haya nikiwa ndani ya gari langu, nje ya duka mjini. Wamefungiwa ndani, nyama isije ikaharibika, nimetumwa mjini mbio nilete msumeno wa chuma. Nadine alirudi garini akabamiza mlango, na mlio ule naujua. Najuta, najuta sana. Chuma kilikuwa kibovu.

Lakini njiani nimewaza. Kufuli likishakatwa, geti halitakaa wazi, lazima linunuliwe jingine leo leo. Aliye mjini ni mimi. Na kufuli jipya huja na funguo mbili.