Nusu ya Uprofesa wa Ngendo Ni Yangu

Gakindu, Mukurweini.

Ndugu Mhariri wa Jarida la Kansa,

Natumaini uko mzima na jarida linasomwa. Mimi ni Kihara wa Muriithi, mjomba wa damu wa Daktari Ngendo, yule uliyemchapishia utafiti wa chai ya moto na kansa ya koo. Nilisoma hadi kidato cha pili, na siku niliyoacha mwalimu wa hesabu alilia. Kwa hivyo usidhani unaandikiwa na mtu wa hivi hivi.

Ijumaa ijayo kamati ya chuo chake inakaa kuamua kama atakuwa profesa. Ati wanahesabu alichoandika na mara alizotajwa. Kila daktari wa nchi nyingine akiandika yake na kutaja ya Ngendo, hiyo ni moja. Huu wa chai umetajwa mara mia nne na kumi na mbili. Sina wivu. Niko na malalamiko tu.

1. Waandishi ni kumi na wanne na mimi simo. Fomu zote mia mbili na kumi, za kuuliza watu wanakunywa chai namna gani, nilijaza mimi kwa mkono huu, wiki tatu za mvua. Wa tisa kwenye orodha ni Mfini mmoja. Nilipouliza kazi yake, Ngendo akasema huyo ndiye mwenye friji ya sampuli. Sasa mwenye friji anaandikwa, mwenye miguu anaachwa. Mimi niko mwisho kabisa, kwa herufi za siafu: "tunawashukuru wasaidizi wa nyanjani." Hata programu ya mazishi huku kwetu inataja aliyeleta hema.

2. Zamani msichana hakutobolewa masikio kabla mjomba wake hajapewa mbuzi. Hayo ni masikio tu. Huyu ameingia vitabu vya dunia nzima na mjomba hajaona hata kwato.

3. Hao mia nne na kumi na wawili wote wanaandika "Ngendo na wenzake". Mwai, karani wa mizani pale kiwanda cha kahawa, sasa ananiita Bwana Wenzake. Watu wakiwa foleni ananiuliza, "Bwana Wenzake, leo umetajwa wapi, Japani ama Brazili?" Nikijaribu kusoma utafiti kwa simu ya binti yangu Wendy, mlango umefungwa, ati nitoe kadi ya benki. Nilipe ndio nisome majibu niliyoandika mwenyewe.

4. Watiri, jirani yangu, alimzika mume mwezi wa tatu kwa ugonjwa huo huo wa koo. Aliniuliza hivi, ikiwa hao wote wamesoma habari zetu, mbona hakuna hata mmoja aliyekuja kuangalia koo la mtu. Nikamwambia sayansi haina haraka. Akanitazama, akaendelea kuchagua kahawa. Swali hilo lingejibiwa na mwandishi, Mhariri, na mimi si mwandishi. Unaona unavyoniaibisha.

Kwa hivyo naomba, kwa heshima, tugawane. Kutajwa mara mia mbili na sita kuandikwe Kihara. Na kwa kuwa ni kutajwa kunakomfanya mtu profesa, basi mimi ni nusu profesa. Nusu profesa hawezi kukaa bila ofisi. Natosheka na chumba kimoja, dirisha liangalie Mlima. Jumatano nitakuwa sokoni Gatitu nikiona wagonjwa, wa koo peke yake. Tumbo sijafika.

Ukikataa nitawaandikia wale mia nne na kumi na wawili mmoja mmoja. Nakala ya barua hii nimetuma kwa kamati ya maprofesa, ili Ijumaa wasiseme hawakujua kazi ilifanywa na nani.

Nisalimie wachapaji, mama wa nyumbani kwako, na yule wa friji, mwambie sina ubaya naye.

Wako katika sayansi,
Kihara wa Muriithi (Nusu Profesa)

N.B. Nilisahau kueleza bidii yangu, na kamati ingependa kujua. Fomu iliuliza kama mtu hunywa chai ikiwa moto sana, vuguvugu ama baridi. Niliulizia kwenye foleni ya kupima kahawa, watu wote wakisikia. Mwai alitangulia akasema yake anaitoa motoni akiweka mdomoni, na baada ya hapo hakuna mwanaume aliyekubali kushindwa. Wagonjwa wa koo, ambao pia walitakiwa kuulizwa, walikuwa wamelala nyumbani, kwa hivyo niliwajibia, nawajua tangu utotoni. Watu sitini na mmoja walininong'oneza kwamba hungoja ipoe. Hao niliwarekebisha wote wakawa moto sana, maana singeacha Gakindu iaibike mbele ya Wajapani. Mimi mwenyewe huongeza maziwa baridi, lakini kwenye fomu namba moja utaona nimejiandika inachemka.