Hasira Yangu Ina Cheti

Jumatatu, 8 Septemba

Nimerudi kutoka semina ya Meru nikiwa na cheti cha kukasirika. Si mzaha. Kimeandikwa "Hasira kama Chombo cha Kuponya na Kuleta Mabadiliko Vyuoni", kina muhuri, na nimekitundika juu ya televisheni. Mkufunzi, mama mmoja mwenye sauti ya kubembeleza, alitufundisha kwamba msomi anayemeza hasira huugua, na anayeitoa hupona yeye na chuo chake. Mimi nimemeza miaka sita. Kumbe vidonda vya tumbo vilitoka huko!

Na hasira ya kutoa ninayo. Mimi na Fosia, mwalimu mwenzangu, tulikaa Garbatulla kiangazi kizima tukiwahoji kina mama wanaouza maziwa ya ngamia. Nilitapika kwenye lori kwenda. Nilitapika kurudi. Ngamia mmoja alinipigia chafya usoni. Sasa makala inatumwa jaridani Ijumaa na juu yake kuna jina moja tu, la Daktari Kahin, mkuu wetu wa idara. Garbatulla hakukanyaga hata siku moja. Mimi ni mwalimu wa mkataba. Jina langu lisipokuwa kwenye hiyo makala, kazi ya kudumu nisahau.

Nimemwambia Fosia atulie, nitakasirika kwa niaba yetu wote wawili. Akaniuliza kama nimewahi kukasirika. Swali gani hilo? Jioni nimefanya mazoezi mbele ya kioo. Mke wangu Kiende akauliza kama ni lile jino tena.

Jumanne, 9 Septemba

Nimeshindwa na salamu.

Ukoo wa Daktari Kahin uko Isiolo tangu babu zake walipokuja na jeshi la Waingereza, na hao watu husalimiana kama vile hakuna mwenye kazi ya kufanya. Nimeingia ofisini na uso nilioutengeneza tangu alfajiri. Akasimama. Nabad, amani kwako? Nyumbani nako ni amani? Watoto? Mama yako, goti lake? Analikumbuka goti la mama yangu! Huko Maua mvua imenyesha? Na yule ng'ombe aliyekuwa hali majani? Kila swali lina jibu lake, na jibu ni kwamba tunashukuru, ni mzima, imenyesha, anakula.

Alipomaliza, nilikuwa nimethibitisha kwa kinywa changu mwenyewe kwamba sina shida yoyote duniani. Ningeanzia wapi kukasirika? Angeniona mwongo. Nikanywa chai ya maziwa ya ngamia, nikaongezwa, nikatoka nikimshukuru. Sijui nilikuwa namshukuru kwa nini.

Fosia alikuwa ananisubiri kwenye varanda. Nimemwambia nimeweka msingi.

Jumatano, 10 Septemba

Kosa nimeligundua usiku: mtu akishasalimia, kwisha. Basi sitasalimia! Nitaingia kimya, nisimame, nipumue kwa pua kama tulivyofundishwa, halafu niachilie.

Nimeingia. Kimya. Pua inafanya kazi. Daktari Kahin akaniangalia, rangi ikamtoka. Polepole akazunguka meza, akanishika mikono yote miwili.

"Ni nani?" akauliza.

Hapo ndipo nilipokumbuka. Katika mji huu mtu huingia bila salamu kwa sababu moja tu. Nikafungua mdomo kumwambia hakuna aliyekufa, nimekuja kukasirika. Lakini alikuwa amenishika vizuri sana, na macho yake yana huruma, na nikiri hapa kwamba yangu yalianza kulowa. Miaka sita hapa chuoni na hakuna aliyewahi kunishika mkono hivyo. Akauliza kama ni baba. Nikatikisa kichwa. Akangoja. Nikasema, Mungu anisamehe, ni mjomba. Mjomba Salesio.

Akasoma Inna lillahi taratibu, akanipa ruhusa ya wiki nzima, akatangaza msiba kwa idara.

Jioni walimu wamejaa kwangu Kiwanjani na sukari, majani ya chai na unga. Kiende amewapokea kwa heshima zote huku akinitafuta kwa jicho. Akanivuta jikoni akauliza nani amekufa. Nikamweleza kwamba ni mbinu ya kitaaluma. Akasema, "Baba Mutwiri, wakitoka hawa, kutakuwa na msiba wa pili. Huo utakuwa wa ukweli."

Alhamisi, 11 Septemba

Marehemu amekuja.

Mjomba Salesio huteremka kutoka Maua kila siku kuuza miraa steji. Pale wote wanamwita Mzee Kangeta, hata Ebei, mlinzi wa lango letu, ambaye ni mteja wake. Leo Ebei amempa pole kwa msiba wangu, akamuuliza: Mwalimu Gichunge wa chuo ni mtu wa kwenu huko Maua, sivyo? Amefiwa na mjomba wake, anaitwa Salesio, unamjua? Mzee akasema anamjua kiasi.

Akaja kwangu moja kwa moja. Hakusalimia. "Mimi nimekufa na nini?" akauliza. Sikuwa nimefikiria hilo. Nikasema presha. Lo, mzee alikasirika! Nilitamani kuchukua kalamu niandike vile alivyokunja taya. Hana cheti chochote, lakini kiti nilichokalia kilikuwa kinatikisika. Alipotulia, akaomba chai, akaweka vijiko vinne vya sukari ya matanga yake. Anasema atabaki marehemu mpaka sukari iishe.

Halafu Fosia akafika. Nilidhani atanicheka. Hapana. Alisema kesho asubuhi Daktari anaituma makala, na yeye anaingia kumwona. Aliniomba niende naye. Nisiseme lolote kama siwezi, nisimame tu karibu yake, ila nikiulizwa, nijibu ukweli. Nikaapa. Niliapa nikimaanisha.

Ijumaa, 12 Septemba

Tulikwenda. Nilivaa koti jeusi, kwa sababu ya msiba.

Daktari akamsalimia Fosia, naye akaitikia yote. Nabad. Mama mzima. Mbuzi wazima. Ndugu aliye Chechelesi amejenga, wanashukuru. Akauliza na yeye, kwa zamu yake, watoto wa Daktari mmoja mmoja. Nikajua ameshakwenda na maji kama mimi. Chai ikaletwa. Hakuigusa.

"Salamu zimeisha, Daktari," akasema. "Sasa nataka ujue nimekasirika."

Hakupaza sauti hata kidogo. Akasema wale kina mama walimpa habari zao kwa sababu walimjua yeye na mama yake. Akirudi Garbatulla wakimuuliza maneno yao ameyapeleka wapi, atawajibu nini? Kwamba alimpa mtu ambaye hawajawahi kumwona? Akasema Mwalimu Gichunge pia alifanya kazi hiyo, na aliifanya akiwa mgonjwa njia nzima.

Daktari Kahin aliangalia meza. Nadhani aliona haya. Kisha akanigeukia, akaniuliza kwa upole kama na mimi nina la kusema.

Ilikuwa imefika. Naapa ilikuwa imefika hapa kooni, hasira yote ya miaka sita. Nikafungua mdomo.

"Mimi sina neno, Daktari," nikasema. "Niko na msiba."

Akachukua kalamu. Akaandika jina la Fosia juu ya lake. Langu hakuandika. Alisema hataki kumsumbua mfiwa.

Jumapili, 14 Septemba

Ijumaa nililia. Kiende alikaa kando yangu kitandani, hakuuliza habari ya jino. Jana Fosia alinipigia simu. Nilingoja anitukane, nilistahili. Hakunikasirikia hata kidogo. Alisema tu, "Pole, Mwalimu," na hilo liliniuma kuliko kitu kingine chochote wiki hii.

Amenibembelezea nafasi. Nitatajwa mwisho kabisa wa makala, kwenye shukrani. Amenisomea: "Kwa Bw. Gichunge, aliyekuwa nasi licha ya majonzi makubwa." Jina langu litachapishwa! Nimemwomba asome mara mbili.

Leo nimekaa nikachambua makosa yangu bila huruma. Ni mawili. La kwanza, nilichagua ndugu anayefanya biashara katikati ya mji. La pili, nilihangaika na hasira siku zote hizo, na hasira haijanipatia hata kikombe cha chai. Angalia majonzi yamenipatia nini kwa siku moja tu: ruhusa ya wiki, unga, sukari, na jina jaridani.

Kesho Bi. Hoda wa ofisi ya ajira anarudi kutoka likizo. Yeye ndiye anayepanga kazi za kudumu, na nasikia hawezi kumnyima mfiwa kitu. Nina shangazi kule Chuka. Mzima kabisa, na hajawahi kukanyaga Isiolo.