Mkia Uliotetemeka Naliendele

Jumatatu, 16 Juni
Ndege yangu imekamilika! Ya rimoti, mabawa mita mbili, kopo la salfa tumboni. Jumamosi chama cha ushirika kinakuja kuiona hapa Naliendele. Ikiwapendeza, msimu huu mikorosho yao yote napulizia mimi, Stefano, na jirani yangu Mauricio abaki na pampu yake ya mgongoni. Anasema eti ndege yangu ni tiara. Wivu huo!

Jumanne, 17 Juni
Majaribio. Polepole, safi. Nikaongeza mwendo, mkia ukatetemeka kama mgonjwa wa malaria. Nikaishusha mbio. Mauricio akauliza kama inasikia baridi. Shenzi!

Jumatano, 18 Juni
Mke wangu Ines, fundi cherehani, amekichomoa kile kibao cha mkia kinachopanda na kushuka. Akakishika kwenye bawaba: nyuma kukaanguka. Akasema nyuma kuzito kuliko mbele, ndiyo maana kwenye kasi upepo unakitikisa. Akaenda Ufukoni kwa wavuvi kuomba chubwi, risasi nzito za kuzamishia nyavu, akazifunga mbele ya bawaba mpaka kibao kikalala sawa. Tumerusha kwa mwendo wote. Mkia kimya! Nimegundua sayansi.

Alhamisi, 19 Juni
Hata bodaboda ina maandishi, sembuse ndege! Nimekipaka kibao rangi ya mlango, mikono mitatu, tabaka juu ya tabaka, na herufi nene: MTANYOOKA. Ines akataka kipimwe upya. Nikamwambia rangi ni rangi tu, haina uzito.

Jumamosi, 21 Juni
Imepaa! Vigelegele! Nikafungulia mwendo wote, raha tu. Mkia ukatetemeka, kibao kikachomoka, ndege ikaanguka kwenye mihogo ya Mauricio, salfa yote kichwani kwake. Katoka wa njano! Bi Saida, mwenyekiti wa chama, alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akauliza kulikoni, na Ines akamweleza habari ya chubwi na rangi. Bi Saida akaamua: itengenezwe ndege nyingine, kazi ya kupulizia apewe Ines. Mimi nibebe salfa, mkia nisiuguse.

Jumapili, 22 Juni
Tumeshinda! Mauricio hanisalimii, raha iliyoje! Ines ameshatengeneza kibao kipya, amekipima, kimelala sawa. Rangi marufuku. Nimekubali, mimi si mbishi, kweli rangi ilikuwa nzito. Sasa yuko kanisani. Nimekifungia kibao vishada vya nailoni vya urembo, thelathini tu. Hivyo havina uzito kabisa.