Hilda, Kikaango na Ushahidi Wangu

Jumatatu, 4 Machi
Kesi ya jirani yangu Hilda imeanza. Alimpiga mumewe Ron kikaango cha chuma, Ron akafa. Hakatai. Miaka yote Ron ndiye aliyekuwa akimpiga yeye. Nyumba zetu zimeungana, nilisikia yote ukutani.

Wakili wake, Bi Farnsworth, binti mwenye wigi la mahakamani, anasema juri, wale raia wanaoamua kesi, wakiamini Hilda alizidiwa na hofu akapoteza kabisa udhibiti wa nafsi yake, kosa linashuka, si mauaji ya kukusudia tena. Wasipoamini, kifungo cha maisha.

Shahidi ni mimi! Enoch Tordoff, jirani wa bustani ya pili kutoka kwangu, hakuitwa. Kanuna. Tess, mbwa wa Hilda, kalala mlangoni kwangu na kandambili ya bibi yake mdomoni. Nimemwambia atulie, jambo liko mikononi mwangu.

Jumanne, 5 Machi
Nimevaa tai. Bi Farnsworth kanionya nijibu ninachoulizwa tu. Mtoto wa juzi!

Wakili wa upande wa pili kaniuliza kama Hilda ana hasira. Hilda? Maji ya mtungini! Nikamsifu kweli kweli. Nikasema hapandwi na jazba, kila jambo hulifanya kwa mpango. Akanishukuru sana. Bwana mstaarabu.

Bi Farnsworth alifumba macho. Kisha akaniuliza taratibu nilisikia nini jioni ile. Nikasema Ron alitishia kummaliza, akakaa kula. Halafu ukelele. Sikuijua sauti ile. Miaka yote Hilda hakuwahi kupaza sauti. Nilidhani ni mtu mwingine kaingia nyumbani mwake.

Hapo vumbi likaniingia machoni. Mahakama ile haifagiliwi.

Enoch kanisubiri nje. Ati, "We mzee, umemchimbia kaburi jirani yako!" Wivu. Sikula. Tess naye hakula.

Alhamisi, 7 Machi
Si mauaji! Kosa limeshuka! Hilda alinitazama kutoka kizimbani, akaweka mkono kifuani. Vumbi tena.

Bi Farnsworth anasema ni ule ukelele uliowagusa juri. Namwacha aamini. Zilikuwa zile sifa.

Kesho jaji anapanga miaka. Bi Farnsworth kaniomba, tafadhali mzee, baki nyumbani na mbwa. Kandambili nimeipiga brashi, tai iko tayari. Nitasimama nimwambie jaji: mama huyu hatetereki, hajutii kitu, na kikaango bado kizima.